Pesa za PEPFAR na Mfuko wa Dunia zilinunua nini hasa? Naomba undani, kuanzia bei ya dawa hadi dirisha la CTC (kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU)

Darasa_la_Afya (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naandaa kipindi cha wanafunzi wa stashahada ya afya ya jamii kuhusu mchango wa misaada ya serikali za nje katika mapambano dhidi ya UKIMWI. Maandishi mengi yanataja takwimu moja kubwa, kwamba PEPFAR, yaani mpango wa dharura wa Rais wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, imeokoa maisha ya watu milioni 25, kisha yanaishia hapo. Mwanafunzi makini atauliza: kwa njia ipi? Dola ikitoka Washington, au Geneva yaliko makao ya Mfuko wa Dunia, inapita mikono ya nani hadi iwe kidonge mkononi mwa mtu wa Makete au Muleba?

Naomba wenye uelewa wanisaidie mambo matatu. Kwanza, bei ya dawa ilishukaje, maana mwanzoni hata nchi tajiri zililalamika. Pili, ukiacha dawa, misaada ililipia nini kingine, na wapi mambo yaliharibika. Tatu, agizo la Marekani la Januari 2025 la kusimamisha misaada ya nje liliyumbisha huduma ndani ya siku chache, wakati sehemu nyingi dawa bado zilikuwa stoo. Kwa nini?

Hadithi za siasa tuziweke kando, nataka utendaji.

---

Mzani_wa_Ugavi

Mkuu, anza na bei, kwa sababu bila bei kushuka msaada wowote ungekuwa tone baharini.

Mwaka 2000 mseto wa dawa tatu za kufubaza VVU uligharimu dola 10,000 hadi 12,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kiwanda cha Cipla cha India kikatangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350. Novemba mwaka huohuo, mkutano wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Doha ukakubali kuwa hakimiliki za dawa zisiizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Januari 2002 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ukaanzishwa. Tarehe 28 Januari 2003 Rais George W. Bush akaliomba Bunge la Marekani dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Katika hotuba hiyo alisema Afrika ina watu karibu milioni 30 wenye virusi na wanaopata dawa ni 50,000 tu. Ukumbini alikuwepo Dkt. Peter Mugyenyi wa Uganda, ambaye tayari alikuwa ameanza kuingiza nchini kwake dawa za bei nafuu kutoka India.

Sasa wape wanafunzi hesabu hii. Bilioni 15 kwa miaka mitano ni bilioni 3 kwa mwaka. Kwa bei ya dola 10,000, hiyo bilioni 3 inatosha dawa za watu 300,000, na hapo hujalipa nesi, hujanunua kipimo, hujajenga chochote. Kwa bei ya dola 300, dawa za watu milioni 2, ambalo ndilo lilikuwa lengo la kwanza la PEPFAR, zinagharimu milioni 600 kwa mwaka. Zinabaki pesa za kila kitu kingine. Ndiyo maana mimi husema kiwanda cha India na fedha ya Marekani havitenganishwi katika habari hii.

Ila hapo katikati kulikuwa na kosa la miaka karibu miwili, na wanafunzi walijue. PEPFAR ilipoanza haikununua dawa za viwanda vya India, kwa sababu ilitaka kila dawa iwe na idhini ya mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA. Mfuko wa Dunia wenyewe ulikubali dawa zilizopitishwa na WHO. Matokeo yake mfamasia wa hospitali moja angeweza kushika mifumo miwili: kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake kwa fedha za Geneva, na vidonge vya makampuni ya awali, kila dawa na kopo lake, kwa fedha za Washington. Kwa mgonjwa mwenye makopo matatu, kopo moja likiisha kabla ya mengine anaendelea na dawa mbili, na hapo usugu unaanza. FDA ilifungua njia ya haraka mwaka 2004, idhini ya kwanza ikatoka Januari 2005 kwa kiwanda cha Aspen cha Afrika Kusini, na tangu hapo PEPFAR ikahamia polepole kwenye dawa zisizo na nembo kubwa.

Msiisahau Ulaya. Mwaka 2006 Ufaransa ilianza kutoza kodi ndogo kwenye tiketi za ndege, na pesa hiyo ndiyo ikawa msingi wa Unitaid, iliyoanzishwa na Ufaransa, Brazili, Chile, Norwei na Uingereza. Unitaid nayo mwaka 2010 ikaanzisha hazina ya hakimiliki, ambako mwenye hataza anaruhusu viwanda vingine vitengeneze dawa yake kwa ajili ya nchi maskini. Kupitia njia hiyo dolutegravir, mojawapo ya dawa za kufubaza VVU, iliruhusiwa mwaka 2014. Bila ruhusa ile TLD, kidonge chenye dawa tatu ikiwemo hiyo, isingekuwa na bei tunayoijua: makubaliano ya dola 75 hivi kwa mwaka yalifikiwa 2017, na Agosti 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kuipata chini ya dola 45. Ni kidonge kimoja kwa siku, tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50.

---

Kalamu_ya_Hazina

Naongezea njia ya pesa, maana hapo ndipo watu wengi huchanganya.

Mfuko wa Dunia haufanyi kazi yenyewe nchini. Nchi inaandika ombi kupitia kamati yake ya uratibu, ambamo wamo serikali, asasi za kiraia, WAVIU (watu wanaoishi na VVU) wenyewe na wafadhili. Kwa Tanzania kamati hiyo inaitwa TNCM. Ombi likipita, fedha ya miaka mitatu inakwenda kwa mpokeaji mkuu, ambaye kwa Tanzania ni Wizara ya Fedha pamoja na asasi isiyo ya serikali. Dawa zinaagizwa, zinapokelewa na Bohari ya Dawa, yaani MSD, na kusambazwa hadi kituoni. Mfuko una wakala wake wa ukaguzi nchini, halafu malipo ya awamu inayofuata hutegemea matokeo ya awamu iliyopita. Marekani ndiyo mchangiaji mkubwa kuliko wote, lakini sheria yake yenyewe inaizuia kuchangia zaidi ya asilimia 33 ya jumla. Kifungu hicho ni cha maana sana: Marekani ikitaka kutoa dola moja, wengine lazima watoe mbili.

PEPFAR ni tofauti. Bunge la Marekani linapitisha, ofisi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Nje inagawa, halafu utekelezaji ulikuwa ukipitia USAID (shirika lao la misaada), CDC (kituo chao cha kudhibiti magonjwa) na Wizara ya Ulinzi yao. Hao nao huingia mkataba na mshirika mtekelezaji, kwa kawaida wa miaka mitano, anayepewa mikoa fulani. Mshirika ndiye anaajiri, anakodi magari, anatoa ruzuku kwa halmashauri. Fedha nyingi ya PEPFAR kwa hiyo haikupita Hazina. Faida yake ilikuwa kasi na uwajibikaji wa karibu: kila robo mwaka, kila kituo kinaeleza kimepima wangapi, wangapi wameanza dawa, wangapi virusi vimefubaa. Hasara yake ni kwamba mtumishi aliyeajiriwa na mradi hayumo kwenye ikama ya halmashauri. Mradi ukifungwa, nafasi yake inafungwa nao.

Kwa Tanzania mgawanyo uliozoeleka ulikuwa huu: sehemu kubwa ya dawa za kufubaza ilinunuliwa kwa Mfuko wa Dunia, na PEPFAR ilibeba watu, maabara, usafiri wa sampuli, takwimu na huduma ngazi ya jamii. Shika hilo, jibu la swali lako la tatu limo humo.

Kuhusu wizi: upo na haufichwi. Agosti 2005 Mfuko wa Dunia ulisimamisha ruzuku zake zote tano za Uganda baada ya ukaguzi kuonyesha ubadhirifu, serikali ikaunda tume ya Jaji James Ogoola, na ruzuku zikafunguliwa baadaye mwaka huohuo kwa masharti. Funzo la kiutendaji pale ni kwamba fedha ilipitia kitengo maalumu cha mradi kilichowekwa pembeni ya mfumo wa kawaida wa wizara, na ukaguzi wa ndani wa wizara haukukifikia inavyotakiwa.

---

Darasa_la_Afya

Shukrani sana, hii ndiyo niliyokuwa natafuta. Mzani, unaweza kunifafanulia jinsi kituo kinavyoagiza dawa? Wanafunzi wengi wataishia kwenye zahanati, na naona neno "kuishiwa dawa" linatajwa kila ripoti. Halafu kama kuna mtu wa maabara, aelezee sampuli.

---

Mzani_wa_Ugavi

Kanuni ni fupi: kiasi cha kuagiza ni wastani wa matumizi ya mwezi mara kiwango cha juu cha miezi, toa kilichopo stoo, toa kilicho njiani.

Tuseme kituo kina watu 600 wanaotumia TLD, na kiwango cha juu kilichowekwa ni miezi 4. Kwa makopo ya vidonge 30, matumizi ni makopo 600 kwa mwezi, kiwango cha juu ni 2,400. Stoo kuna 900, hakuna kilicho njiani. Agiza 1,500. Kwa makopo ya vidonge 90 namba zote zigawe kwa tatu: matumizi 200 kwa mwezi, kiwango cha juu 800, na kadhalika. Kosa la kwanza linazaliwa hapahapa. Kituo kikichanganya makopo ya 30 na ya 90 kwenye mstari mmoja wa fomu, kinaagiza mara tatu ya mahitaji au theluthi yake. Hesabu vidonge kwanza, geuza kuwa makopo mwishoni.

Kosa la pili ni siku za kukosa dawa. Kituo kilitoa makopo 400 mwezi uliopita, lakini siku 10 dawa haikuwepo. Ukiandika 400 kama matumizi, mwezi ujao utaagiza pungufu, utaishiwa tena, na namba itazidi kushuka. Gawa 400 kwa siku 20 dawa ilipokuwepo, zidisha kwa 30, unapata 600. Ndiyo namba ya kweli.

Kosa la tatu ni la kutoa dawa za miezi mingi. Serikali na wafadhili walihamasisha mtu aliye imara apewe dawa za miezi 3 au 6 ili asipoteze siku ya kazi kila mwezi, na msongamano kliniki upungue. Ni jambo jema kabisa. Lakini kituo kikihamisha watu 300 kwa mpigo kutoka mwezi 1 hadi miezi 6, kinahitaji makopo 1,500 ya ziada siku hiyo, halafu matumizi yanashuka ghafla miezi inayofuata. Anayesoma takwimu kutoka mbali atadhani dawa imeibwa, kisha atadhani watu wametoroka. Wahamishe kwa mafungu, 50 kila mwezi, na andika maelezo kwenye ombi.

La mwisho ni dawa ndogondogo. Mtu wa TLD akianza tiba ya kifua kikuu yenye rifampicin, anahitaji kidonge cha ziada cha dolutegravir miligramu 50, saa 12 baada ya TLD, hadi wiki mbili baada ya kumaliza rifampicin. Kidonge hicho huja kwenye kopo lake peke yake. Kitengo cha TB kikiwa hakiongei na CTC, hakuna anayeliagiza, na mgonjwa anaendelea na dozi isiyotosha bila mtu kujua hadi wingi wa virusi upande. Stoo yenye TLD tele bado inaweza kuwa imeishiwa.

---

Tone_Kavu

Nachukua upande wa maabara, na ninaomba usichoke kunisoma kwa sababu hapa ndipo fedha ya msaada ilifanya kazi isiyoonekana.

Chukua mtoto wa mama mwenye VVU. Bila hatua yoyote, uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto wakati wa mimba, kujifungua na kunyonyesha ni asilimia 15 hadi 45. Kwa mama anayetumia dawa vizuri unashuka chini ya 5. Mwanzoni tulikuwa na nevirapine dozi moja tu, miligramu 200 kwa mama uchungu ukianza na tone la dawa kwa mtoto, kufuatana na utafiti uliofanyika Uganda na kutangazwa 1999. Ilisaidia, lakini iliacha usugu kwa kina mama wengi. Malawi mwaka 2011 ikaanza kumpa kila mjamzito mwenye VVU mseto kamili wa maisha yote bila kusubiri CD4, kipimo cha nguvu ya kinga ya mwili. Tanzania ikafuata 2013. Bei ya dawa na uhakika wa ufadhili ndivyo vilivyoiruhusu nchi maskini kama Malawi kuthubutu.

Sasa mtoto amezaliwa. Kipimo cha kawaida cha kidole hakifai kwake kwa sababu kinaona kingamwili alizorithi kwa mama, na hizo zinaweza kubaki hadi miezi 18. Inatakiwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, na mashine zake zimewekwa kwenye maabara chache kubwa. Suluhisho ni tone kavu la damu. Mtoto wa wiki 4 hadi 6 anachomwa pembeni mwa kisigino, siyo katikati, tone la kwanza linafutwa, yanayofuata yanadondoshwa kwenye miduara mitano ya karatasi maalumu. Karatasi inakaushwa ikiwa imelala, mbali na jua na vumbi, angalau saa 4, na usiku kucha ikiwa hali ya hewa ni ya unyevu. Kisha inawekwa kwenye mfuko unaofungwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu na kadi ya kuonyesha unyevu. Kadi ikigeuka kutoka bluu kuwa pinki, badilisha vipakiti.

Yanayoharibika ni haya. Tone kugusiwa mara mbili juu ya lilelile, damu ikatabakana. Karatasi kufungwa ikiwa mbichi, ikaota ukungu njiani. Namba ya mama na ya mtoto kutofautiana na fomu. Na kubwa kuliko yote: majibu kurudi mtoto akiwa na miezi 4 au 5. Mtoto aliyeambukizwa asipopata dawa, vifo vingi hutokea mapema, kilele chake kikiwa miezi 2 hadi 3. Jibu linalochelewa hivyo linamfikia mama ambaye hana mtoto tena. Ndiyo maana fedha za wafadhili zililipia pikipiki za kukusanya sampuli kwa ratiba, ujumbe wa simu wa majibu, na baadaye mashine ndogo za GeneXpert hospitali za wilaya.

Wingi wa virusi nao una mtego wake. Damu inachukuliwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Ikikaa kwenye joto la kawaida lazima izungushwe na utegili utenganishwe ndani ya saa 24. Zahanati ikichukua damu Ijumaa mchana na pikipiki inapita Jumatatu, sampuli zote zinakataliwa. Kwa hiyo siku ya kuchukua damu hupangwa kwa kufuata siku ya pikipiki, siyo siku ya kliniki. Majibu yakiwa nakala 1,000 au zaidi kwa mililita, mgonjwa anapata ushauri wa ufuasi wa kina, kwa kawaida vikao vitatu kwa miezi mitatu, kisha anapimwa tena. Ikibaki juu, ndipo linazungumzwa suala la kubadilisha dawa.

Kwa watoto kuna badiliko moja ambalo ningependa lifundishwe. Zamani walipewa lopinavir ya maji, chungu sana, yenye kilevi asilimia 42 hivi, na inayohitaji jokofu. Hebu fikiria mama wa kijijini asiye na umeme. Sasa kuna dolutegravir ya miligramu 10 inayoyeyuka kwenye maji: mtoto wa kilo 3 hadi 5.9 anapewa nusu kidonge, kilo 6 hadi 9.9 kimoja na nusu, kilo 10 hadi 13.9 viwili, kilo 14 hadi 19.9 viwili na nusu, na kuanzia kilo 20 anatumia cha mtu mzima cha 50. Iliharakishwa kwa fedha za Unitaid. Tatizo linalojitokeza ni mizani: mtoto anakua, dozi inabaki ileile kwa sababu hakupimwa uzito siku ya kliniki.

---

Mwambao_wa_Ziwa

Salamu kutoka Kisumu, ndugu zangu. Mmetaja tiba tu, mimi naongeza kinga, kwa kifupi.

Tohara ya kitabibu ya hiari ni mfano mzuri wa msaada kufuata ushahidi. Majaribio matatu, Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, yalionyesha kuwa inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Yale ya Kisumu na Rakai yalisimamishwa Desemba 2006 kabla ya wakati kwa kuwa faida ilikuwa wazi. Mpango ukaanza Nyanza mwaka 2008, kwenu ukaenda Iringa, Njombe na kwingine ambako tohara haikuwa desturi. Ujumbe unaosahaulika ni wiki 6 za kutofanya ngono hadi kidonda kipone kabisa. Anayerudi mapema anaongeza hatari badala ya kuipunguza.

Upande mwingine kuna pesa iliyopotea. Sheria ya PEPFAR ya 2003 ilitaka angalau theluthi ya fedha za kinga iende kwenye mahubiri ya kujizuia hadi ndoa. Utafiti uliochapishwa 2016 kwenye jarida la Health Affairs ulilinganisha nchi zilizopata fedha hizo na zisizopata. Zaidi ya dola bilioni 1.4 zilikuwa zimetumika, na haukuona tofauti katika umri wa kuanza ngono, idadi ya wapenzi wala mimba za utotoni. Fedha hiyo ingelipia dawa na kondomu nyingi sana, na inaniuma kuiandika. Sharti lile lililegezwa mwaka 2008.

Na mwanafunzi akiuliza tunajuaje kwamba ni msaada na siyo mambo mengine yaliyopunguza vifo, mpe ule utafiti wa 2012 wa jarida la JAMA. Ulilinganisha nchi 9 zilizolengwa na PEPFAR na nchi 18 za Afrika ambazo hazikulengwa, kuanzia 2004 hadi 2008. Uwezekano wa mtu mzima kufa, kwa sababu yoyote, ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 16 kwenye zile zilizolengwa. Ndani ya Tanzania na Rwanda, maeneo yaliyokuwa na shughuli nyingi zaidi za PEPFAR ndiyo yaliyoonyesha vifo kupungua zaidi.

---

Kalamu_ya_Hazina

Sasa swali la tatu, la Januari 2025.

Tarehe 20 Januari likatoka agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Tarehe 24 washirika wakaandikiwa wasimamishe kazi. Siku chache baadaye ikatolewa ruhusa ya huduma za kuokoa maisha, na mwanzoni mwa Februari ikafafanuliwa kwa PEPFAR: tiba na kinga ya mama kwa mtoto ziendelee, dawa kinga, yaani PrEP, iendelee kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Kwenye karatasi tiba haikukatwa. Kiutendaji, mshirika hawezi kumrudisha kazini mtu kwa ruhusa pekee. Anahitaji barua ya mkataba wake mahususi, na anahitaji malipo, wakati mfumo wa malipo wenyewe ulikuwa umekwama. Tarehe 1 Julai 2025 USAID ikafungwa rasmi.

Kwa hiyo dawa iko stoo, lakini angalia nani hayupo. Karani wa takwimu aliyekuwa anaingiza kadi za wagonjwa, CTC2, kwenye kompyuta na kutoa orodha ya waliokosa miadi: hayupo. Mshauri WAVIU aliyekuwa anapokea orodha hiyo na kumfuata mtu nyumbani kabla hajamaliza wiki mbili bila dawa: hayupo. Dereva wa pikipiki ya sampuli: hayupo. Nesi wa ajira ya mradi aliyekuwa anahudumia nusu ya foleni: hayupo. Watu imara wenye dawa za miezi 6 hawakutikisika mwezi wa kwanza. Waliotikisika ni walioanza dawa karibuni, watoto wanaosubiri majibu ya PCR, wajawazito wapya, na wale ambao virusi vyao vilikuwa vinapanda.

Hali ya kabla ya hapo ilikuwa nzuri mno. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022/23 ulikuta kuwa kati ya watu wazima wenye VVU, asilimia 82.7 wanajua hali zao, kati ya hao asilimia 97.9 wanatumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa asilimia 94.3 virusi vimefubaa. Angalia namba ya kwanza. Pengo letu lilikuwa kwenye kupima, na kupima kunategemea watu zaidi ya dawa.

---

Darasa_la_Afya

Nimeelewa kabisa. La mwisho, kwa faida ya wanafunzi watakaoajiriwa halmashauri: fedha ya ndani ikiwa kidogo, ianze kubeba nini?

---

Tone_Kavu

Kwa maoni yangu ianze na usafiri wa sampuli, kwa sababu ni rahisi kuunganisha. Pikipiki inayobeba sampuli za VVU ibebe na makohozi ya TB, damu za kliniki ya wajawazito na ripoti. Gharama ya mafuta inagawanyika kwenye vifungu vitatu vya bajeti badala ya kimoja. Panga njia ya mzunguko isiyozidi saa 24 kutoka zahanati ya kwanza hadi maabara, na ibandike ratiba ukutani kila zahanati.

---

Kalamu_ya_Hazina

Nakubaliana naye, ila mimi ningeanza na karani wa takwimu. Pale asipopatikana, wafundishe manesi wawili wa CTC kutoa orodha moja tu kila Jumatatu: waliokosa miadi kwa siku 3 hadi 28. Usiwape kutengeneza ripoti zote zilizokuwa zikienda kwa mfadhili, hawataweza. Orodha ikishatoka, anza na simu, halafu mhudumu wa afya wa kijiji kwa wale tu waliotoa ridhaa ya kutembelewa. Hiyo ridhaa iangalie kwenye kadi kabla mtu hajapanda baiskeli, maana mgonjwa aliyefichuliwa mbele ya majirani hatarudi kliniki hiyo.

Kuhusu fedha yenyewe, Tanzania ina Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI chini ya TACAIDS, Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania, tangu 2015. Zimbabwe ilitangulia mbali, inakata asilimia 3 ya kodi ya mapato na faida tangu 2000, na sehemu yake inanunua dawa. Wape wanafunzi zoezi: wachukue bajeti ya halmashauri moja, watafute kifungu cha UKIMWI, na wahesabu kinatosha lita ngapi za petroli na mishahara mingapi.

---

Mzani_wa_Ugavi

Kwenye zoezi hilo ongeza safu moja: muda kutoka kuagiza hadi kupokea. Dawa za kufubaza zinatengenezwa zaidi India na kusafiri kwa meli, na agizo la kitaifa huchukua miezi mingi tangu kuidhinishwa hadi kufika bandarini Dar es Salaam. Halmashauri ikilipa mshahara wa mwezi huu, matokeo yanaonekana mwezi huu. Serikali ikichelewesha fedha ya dawa mwezi huu, pengo litaonekana mwakani, wakati aliyechelewesha amekwishahamishiwa ofisi nyingine. Tarehe ya kuagiza iandikwe kando ya kila dawa.